Alama Kwenye Msuka: Historia ya Kisu cha Kukunja na Wanaokikusanya

Kisu cha kukunja cha jadi hakina kufuli. Bapa lake huzunguka kwenye ribiti moja na hushikiliwa na springi ya chuma iliyolala kwenye mgongo wa mpini. Bapa likifunguliwa, ncha ya springi hukandamiza msuka, yaani ile sehemu ya bapa inayobaki mpinini, nalo hutulia wima. Likifungwa, springi ileile hulibana lisifunguke mfukoni. Hakuna kitu kingine kinachozuia bapa kurudi vidoleni, kwa hiyo mwenye kisu hiki hujifunza mapema kutobonyeza mgongo wake. Kikiwa kimeundwa vizuri, hufunguka na kufungika kwa mlio mkavu, mkali, na wakusanyaji husikiliza mlio huo kabla ya jambo lingine lolote. Baada ya hapo hugeuza kisu na kusoma alama iliyogongwa kwenye msuka: jina la fundi au kiwanda, mji, pengine nchi na namba. Mara nyingi alama hiyo ndogo ndiyo hati pekee ambayo kisu huwa nayo.

Wazo la kukunja kisu ni la kale kuliko springi. Huko Hallstatt, Austria, kilipatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa kilichotengenezwa kati ya mwaka 600 na 500 KK. Warumi walikuwa navyo pia, na Jumba la Makumbusho la Fitzwilliam mjini Cambridge lina kifaa chao cha fedha kilichounganisha uma, kijiko na bapa la chuma ambalo sasa limeliwa na kutu. Visu vya aina hiyo vilitegemea msuguano tu. Utaratibu huo bado uko hai Japani, ambako higonokami, kisu cha eneo la Miki kilichoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, hakina springi hata leo: kidole gumba hukandamiza mkia mdogo wa bapa wakati wa kukata.

Ulaya, kwa karne nyingi, mtu wa kawaida alibeba kisu kisichokunjwa ndani ya ala kiunoni, akakitumia kazini na mezani. Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza, ulikwisha kupata jina kwa visu hivyo katika karne ya 14, kiasi kwamba Chaucer alimpa mwenye kinu mmoja katika hadithi zake kisu cha Sheffield alichokichomeka kwenye soksi yake ndefu. Mji huo ulikuwa na mito ya kasi ya kuzungusha mawe ya kunolea, ulikuwa na jiwe lenyewe katika vilima vya jirani, na kuni na makaa havikuwa mbali. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda Chama cha Wafua Visu wa Hallamshire, yaani eneo la Sheffield, kikapewa mamlaka ya kusimamia wanagenzi na kuandikisha alama za mafundi. Fundi aliyeandikishiwa alama aliimiliki kama shamba: aliweza kuirithisha, na aliyeigiza aliadhibiwa. Mnunuzi asiyejua kusoma alitambua nyota, msalaba au mshale, naye akajua ananunua kwa nani.

Katikati ya karne hiyo ya 17 mafundi wa Sheffield wakaanza kutengeneza kwa wingi kisu cha kukunja chenye springi. Kilikuwa na faida iliyo wazi, kwamba kiliingia mfukoni bila ala na hakikumchoma aliyekibeba. Wakati huohuo wenyeji matajiri walikuwa wakianza kuwaandalia wageni visu vya mezani, kwa hiyo kisu binafsi kikabaki kuwa chombo cha kazi ndogondogo: kukata kamba, kumenya tunda, kupunguza ukucha, na zaidi ya yote kuchonga kalamu. Kalamu ya unyoya wa bata bukini huchakaa ncha haraka, na karani aliyeandika kutwa alihitaji kuichonga tena na tena kwa bapa dogo, jembamba na kali sana. Waandishi wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na haja hiyohiyo kwa kalamu zao za tete, wakatumia kijembe. Nibu za chuma zilipoanza kutolewa kwa wingi Birmingham katika miaka ya 1820 na 1830, kazi hiyo ilikwisha, lakini kisu chenyewe hakikuondoka mifukoni. Watu walikuwa wamekwisha kukizoea.

Nusu ya pili ya karne ya 17 ndiyo iliyomleta Obadiah Barlow, fundi wa Sheffield ambaye jina lake lilidumu kuliko la mwingine yeyote katika ufundi huu. Kisu cha Barlow ni cha bei ndogo na kinatambulika mara moja kwa noleo lake, kile kipande cha chuma kinachokaza mpini mahali bapa linapoingia. Kwenye visu vingine noleo ni fupi. Kwenye Barlow hufika karibu theluthi ya mpini, na hilo hukiwezesha kisu rahisi kuvumilia mikono ya watoto na wakulima. Kilivuka Atlantiki kikapendwa Marekani kuliko nyumbani. Katika riwaya ya Mark Twain ya mwaka 1876, Tom Sawyer anazawadiwa Barlow mpya ya senti kumi na mbili na nusu na kuruka kwa furaha. Kufikia wakati huo viwanda vya Marekani vilikuwa vikitengeneza Barlow zao wenyewe, na jina la mtu lilikuwa limegeuka kuwa jina la umbo.

Ubora wa bapa ulipanda baada ya Benjamin Huntsman, mtengenezaji wa saa, kufaulu katika miaka ya 1740 kuyeyusha chuma ndani ya vyungu vya udongo na kupata feleji iliyo sawa ndani na nje. Inasimuliwa kwamba wafua visu wa Sheffield waliikataa mwanzoni kwa ugumu wake, wakabadili nia walipoona visu vya Ufaransa vilivyotengenezwa kwa feleji hiyohiyo vikiingia katika soko lao.

Kisu kidogo cha mfukoni kilipita katika mikono mingi. Mfuaji alilichapa bapa kwenye fuawe, mwingine alilichoma na kulizamisha majini au kwenye mafuta ili liwe gumu, mnoaji akalisaga, na mwisho fundi mwunganishaji akaoanisha mabapa, springi, sahani za shaba na vibao vya mpini kwa tupa na nyundo, akigonga ribiti na kujaribu, akigonga na kujaribu. Kazi hiyo ya mwisho haina vipimo vya kuandika. Msuka ukibaki mnene unywele mmoja, bapa husimama likiwa limepinda. Ukipunguzwa kupita kiasi, springi huzama chini ya mgongo, na kidole hukisikia kidimbwi hicho hata gizani. Wengi wa mafundi hawa walikuwa wamejiajiri, wakipanga chumba kimoja na kufanya kazi kwa oda za makampuni makubwa. Sheffield iliwaita mabwana wadogo, na jina hilo halikuwa na dharau.

Aliyelipa gharama kubwa zaidi ni mnoaji. Aliketi kama aliyepanda farasi juu ya ubao, uso ukielekea jiwe lililozunguka mbele yake, huku vumbi la mawe na chuma likimjaa mapafuni. Daktari Arnold Knight wa Sheffield alikadiria kuwa waliosaga bila maji waliishi kwa wastani miaka 35 kwa shida, na waliosaga kwa maji mara chache walivuka 45. Friedrich Engels alizitumia takwimu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Mashine za kuvuta vumbi zilikuwapo tayari, ila baadhi ya wanoaji wenyewe walizipinga. Waliogopa kwamba maisha yakirefuka, wanoaji wataongezeka na ujira utashuka. Ni hoja ya kutisha, lakini aliyeitoa alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Huko Thiers, mji wa visu wa Ufaransa, wanoaji walilala kifudifudi kwenye mbao juu ya maji baridi ya mto Durolle, na kila mmoja aliweka mbwa wake juu ya miguu ili apate joto.

Vibao vya mpini ndivyo vinavyoiunganisha Sheffield na Unguja. Mfupa wa ng'ombe, pembe ya paa na mbao vilitosha kwa visu vya kawaida, lakini kisu cha bwana kilivishwa lulumizi au pembe ya ndovu. Katika karne ya 19 soko kuu la pembe za Afrika Mashariki lilikuwa Unguja. Misafara ilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, wapagazi wakibeba mabegani, wengine wakiwa watumwa, na biashara hiyo iliwatajirisha watu kama Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Kutoka Unguja pembe zilisafirishwa Marekani, ambako viwanda vya Connecticut vilizikata kuwa vibonye vya piano, na kwenda Bombay na London, ambako ziliuzwa kwa mnada. Wafua visu wa Sheffield walinunua London. Kampuni ya Joseph Rodgers & Sons, yenye alama ya nyota na msalaba wa Malta iliyoandikishwa mwaka 1764, ilikuwa na maghala ya chini yaliyojaa pembe zilizopangwa kama kuni, na wageni walipelekwa kuyatazama. Kampuni hiyo ilipenda maonyesho. Mwaka 1822 ilitengeneza kisu kimoja chenye mabapa 1,822, kikawa kinaongezewa mengine kadiri miaka ilivyopita. Na kwa Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 ikaunda kisu kikubwa chenye zana 75 na mpini wa lulumizi. Hakuna aliyekusudia kuvitumia. Hata hivyo, vilionyesha kwamba kisu cha mfukoni kilikuwa kimeanza kutamaniwa kwa ajili ya kutazamwa.

Mteja mkubwa wa Sheffield alikuwa Marekani. George Wostenholm, mwenye alama ya I*XL, alivuka bahari mara kwa mara kutafuta oda, na kiwanda chake kikaitwa Washington Works. Mafundi nao walivuka, ila wao hawakurudi. Walianzisha au kuendesha viwanda vya Connecticut na New York, na mji mdogo wa Walden ulipokea kampuni ya New York Knife mwaka 1856 ukawa mji wa visu. Kisha ikaja sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890. Ilipandisha kodi ya visu kutoka nje kiasi cha kuvunja biashara ya Sheffield, na pia ikalazimisha bidhaa zigongwe jina la nchi zilikotoka. Kifungu hiki cha pili, kilichoandikwa kwa ajili ya maofisa wa forodha, kimewafaa wakusanyaji kwa zaidi ya karne: kisu cha soko la Marekani chenye neno la Uingereza au Ujerumani kwenye msuka kwa kawaida si cha kabla ya 1890.

Nyuma ya ukuta huo wa ushuru viwanda vya Marekani vilistawi na kubuni maumbo kwa kazi za huko. Kisu cha mfugaji kilipewa mabapa matatu, moja la kukatia kamba, moja la kuhasia ndama, moja la kuchunia. Cha mtegaji wa wanyama kilipewa mabapa mawili marefu kwa ngozi na nyama. Ndugu wa ukoo wa Case walianza biashara Little Valley, New York, mwaka 1889, na W.R. Case & Sons ikahamia Bradford, Pennsylvania, mwaka 1905. Remington, baada ya mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia kupunguza haja ya bunduki, iligeukia visu mwaka 1920.

Nchi nyingine zilifuata njia zao. Katika Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu cha wakulima chenye mpini wa mbao wa duara na bapa moja, bila springi kabisa, na mwaka 1897 akakipanga katika saizi 12. Pete ya kukifunga iliongezwa mwaka 1955. Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, alianza kulihudumia jeshi la nchi yake mwaka 1891, na kisu chake cha maofisa cha mwaka 1897 ndicho baba wa visu vyekundu vya Victorinox. Solingen, mji wa Ujerumani ambao jina lake limelindwa kisheria tangu 1938, ulitengeneza kwa ajili ya kila bara. Kwa Afrika ulitoa Okapi, kisu cha bei nafuu kilichoanza mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Kijerumani, ambayo yalijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Mnyama wa misitu ya Kongo aliyekipa jina alikuwa ametambuliwa na wanasayansi mwaka mmoja tu kabla. Okapi yenye mpini wa mbao uliopambwa nyota na mwezi, na pete ya kuvuta mgongoni ili bapa liachiwe, ilihamia Afrika Kusini kiutengenezaji katika miaka ya 1980, ikawa ya wachungaji, wakulima na, bahati mbaya, ya wahuni pia.

Anguko la kisu cha jadi lilikuwa la polepole. Mwaka 1913 Harry Brearley, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, alipata Sheffield kwenyewe chuma kisichoshika kutu. Visu vya kwanza vilinoleka vibaya, na alidhihakiwa kuwa mvumbuzi wa visu visivyokata. Mafundi walipokizoea chuma hicho, faida yake ilikuwa kubwa mno kukataliwa. Baadaye watu wakahama mashamba kwenda ofisini, wembe wa kutupa ukawa wa bei ya chini kuliko kunoa, na mwaka 1964 Buck 110, kisu kizito chenye kufuli, kikawaonyesha wawindaji wa Marekani kwamba vidole si lazima viwe rehani. Kufikia miaka ya 1970 kampuni nyingi za zamani za Sheffield zilikuwa zimefungwa au zimebaki majina tu.

Wakati huohuo wakusanyaji wakajipanga. Kubadilishana visu kwenye viwanja vya mahakama na maduka ya vijijini lilikuwa jambo la kawaida kusini mwa Marekani. Sheria ya bunduki ya mwaka 1968 ilipobana uuzaji wa silaha kwenye maonyesho, wachuuzi wengi waliweka visu mezani badala yake. Mwaka 1972 kiliundwa chama cha kitaifa cha wakusanyaji visu. Case nayo, bila kukusudia, iliwapa lugha ya kusomea. Namba iliyo kwenye msuka wake hueleza kisu: katika 6254, tarakimu ya 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa mikwaruzo, 2 ni idadi ya mabapa, na 54 ni umbo la mtegaji. Kisha mwaka 1970 kampuni iligonga nukta kumi chini ya jina, ikawa inaondoa moja kila mwaka, hivi kwamba mtoto akiijua kanuni anaweza kutaja mwaka wa kisu cha muongo huo. Tofauti ya nukta moja ikawa tofauti ya bei, na palipo na bei wapo waghushi. Mabapa ya kisu cha bei rahisi hufutwa alama kwa jiwe na kugongwa jina tukufu. Mkusanyaji mzoefu hupima unene wa msuka, kwa maana alama iliyofutwa huacha chuma chembamba kuliko kilivyotakiwa, na hutazama ribiti kama zimewahi kuguswa.

Adui mwingine ni seluloidi, ile plastiki ya kwanza iliyovishwa mipini ya rangi za kupendeza mwanzoni mwa karne ya 20. Ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaotia kutu mabapa, ya kisu chenyewe na ya majirani zake ndani ya sanduku moja. Mkusanyiko mzima unaweza kuharibiwa na kisu kimoja kilichokuwa kizuri kuliko vyote.

Si kila mwenye visu vya jadi huviweka sandukuni. Wapo wanaochagua kimoja asubuhi na kukitia mfukoni pamoja na funguo, wakakitumia kufungua barua na kumenya chungwa. Hao hupenda chuma cha kaboni, ambacho asidi ya matunda hukigeuza rangi ya kijivu yenye ubuluu, na tabaka hilo hukikinga na kutu nyekundu. Tone la mafuta kwenye maungio na kinoo mara kwa mara humaliza matunzo. Kwa mkusanyaji wa sandukuni hii ni hasara tupu, kwani bapa lililonolewa hupungua upana na bei hushuka nalo. Mabishano kati ya makundi haya mawili hayana mshindi, ingawa ni vigumu kumlaumu anayekatia kisu.

Sheria imesaidia upande mmoja bila kutaka. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi tatu, na mwaka 1993 mahakama iliamua kwamba kisu chenye kufuli hakihesabiki kuwa cha kukunja. Springi ya karne ya 17 ikawa ndiyo halali. Vilivyobanwa ni visu vya pembe. Oktoba 1989, kwa pendekezo ambalo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kulitoa, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Marekani ilikaza zaidi mwaka 2016, na sheria ya Uingereza ya 2018 ikaanza kutumika mwaka 2022. Kisu cha Rodgers chenye pembe ya karne ya 19 bado kinaweza kumilikiwa, lakini kukiuza kunadai uthibitisho wa umri na kiasi cha pembe, na wengi wameamua kukirithisha tu.

Stan Shaw, aliyezaliwa 1926 na kuanza uanagenzi Sheffield akiwa na miaka 14, alitengeneza visu vya kukunja kwa mikono yake mwenyewe hadi uzeeni na kufariki mwaka 2021. Wateja wake walisubiri oda kwa miaka. Marekani, kiwanda cha Great Eastern Cutlery kilianzishwa Titusville, Pennsylvania, mwaka 2006 kutengeneza maumbo ya zamani kwa mashine na mbinu za zamani. Hutoa umbo moja kwa awamu, mafungu madogo, nayo huisha madukani haraka. Baadhi ya visu vyake hugongwa Northfield, alama ya kiwanda cha Connecticut cha karne ya 19 kilichokwisha kufa, na anayepokea kimoja hukifungua, husikiliza mlio, kisha hukigeuza kusoma msuka.